Swichi Chini ya Zulia

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi ni fundi umeme wa magari, ni mwanamke, na nimechoka. Mtaani wananiita Fundi Waya. Mteja akinikuta gereji kwa mara ya kwanza hutazama nyuma yangu akimtafuta fundi mwenyewe, na mimi humwacha atafute mpaka aridhike. Lakini uchovu wangu hautokani na hao. Unatoka nyumbani, ninakokaa na baba yangu mzazi tangu mama alipotutoka, na ambako uani, chini ya paa la mabati, limeegeshwa gari lake.

Baba alikuwa dereva maisha yake yote. Aliendesha mabosi, akaendesha wagonjwa, akaendesha mizigo, na alipostaafu akajinunulia gari ambalo hata siku hiyo lilikuwa limeshazeeka. Ni la enzi zile ambazo kabureta ilikuwa ndiyo kwanza inaachwa. Mafuta yake yanasukumwa na pampu ya umeme iliyojificha chini ya kiti cha nyuma. Ukizungusha ufunguo kidogo, kabla hujawasha, rilei, kile kiswichi cha umeme kilicho chini ya dashibodi, inalia ta, halafu pampu inanguruma sekunde kidogo na kunyamaza. Hapo ndipo unawasha. Baba alitukataza, mimi na kaka yangu, kuliharakisha. Alikuwa akisema, "Mwache apumue kwanza." Sisi tukicheka, yeye hacheki.

Basi mwaka huu baba ameanza kupotea. Siku moja alitoka kwenda kununua betri za redio, akarudi jua linazama, tangi limebaki na harufu tu ya mafuta. Nilipomuuliza alikuwa wapi akasema barabara zimebadilishwa bila kumwambia mtu. Haukupita muda akaligonga geti la jirani. Akalaumu geti. Alisema geti lile siku zote huwa wazi, na aliyelifunga alijua fika kwamba yeye anapita. Jirani mwenyewe, mama mmoja mpole ambaye tangu siku hiyo tunamwita Mama Geti, alisema yaishe, bati likinyooshwa linanyooka. Ila akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wajukuu zake huwa wanachezea nyuma ya geti hilo. Nikamshukuru tu kama mjinga.

Kabla sijajua la kufanya, gari likajizima lenyewe. Nyaya za zamani ngozi yake ilikuwa imekauka ikawa inamegeka ukiigusa, zikagusana, moshi ukatoka chini ya dashibodi, kwisha. Kaka yangu alipopata habari kwa simu alishukuru Mungu kwa sauti. Kaka anaishi mbali, hupiga simu Jumapili, na ana maoni juu ya kila kitu. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Alisema tatizo limejimaliza lenyewe.

Halikujimaliza. Baba aliacha kula. Chakula nilikuwa nakikuta kimefunikwa vilevile nilivyokiacha, na yeye namkuta ndani ya gari bovu, mlango wazi, mikono kwenye usukani, anatazama ukuta wa uani. Hazungumzi. Nikimwita ananijibu "naam" kwa adabu kama ninavyoitikiwa na mgeni. Jioni moja sikuweza kuvumilia tena, nikamwambia, "Baba, nitalitengeneza." Akageuza kichwa, akaniangalia, akaniuliza kama kuna chakula. Sasa wewe mtu mwenye moyo ungerudi nyuma hapo?

Tukaanza kazi. Nasema tukaanza kwa sababu hakukubali kukaa pembeni. Alileta kigoda chake, akavaa lile koti lake la kazi, akawa ananipa bisibisi kabla sijaiomba. Niling'oa kila kitu. Kisanduku cha fyuzi kilikuwa cha zamani kile chenye fyuzi za kauri, utepe wa chuma umepita kwa nje, ncha zake zimeota kutu ya kijani, na sehemu za kuzibana zimelegea kwa joto la miaka. Fyuzi mbili zilikuwa zimezungushiwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, kazi ya mwenye gari wa kwanza. Baba alipoziona alisonya. Fyuzi za namna hiyo alizisonya kwenye magari ya watu miaka nenda rudi, na kila mara nilipokuwa binti wa shule alinirudishia somo lilelile: waya usio na fyuzi ni kiberiti kilichokwisha kuwashwa, kinatafuta nyumba tu. Ndiyo maneno ya kwanza ya ufundi niliyoyajua. Shule nilijifunza mengine, lakini hayo nimewaambia wateja mpaka wengine wananiita kwayo.

Nikaweka kisanduku kipya, cha fyuzi za plastiki zile za kuchomeka, kila kazi na fyuzi yake. Taa kubwa nikazipa rilei zake, ili umeme wote usiendelee kupita kwenye swichi moja kuukuu inayopata moto. Pampu nikaipa rilei yake na fyuzi yake peke yake. Sehemu zote za ethi, pale umeme unaporudia kwenye bati la gari, nilizisugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, kwa sababu nusu ya magonjwa ya magari ya zamani ni ethi, na nusu nyingine ni mafundi. Mgongo uliniuma, shingo ikaniuma, vidole vikachubuka. Mchana natengeneza magari ya watu, nikirudi natengeneza la baba, na katikati kuna kufua, kupika, dawa zake za presha na kuhakikisha jiko limezimwa. Kuna siku nilisinzia chini ya dashibodi nimeshika plaizi, baba akaniamsha kwa kunigusa mguu akasema, "Fundi, mteja amefika." Mteja ni yeye.

Na hapo ndipo moyo uliponiuma, maana akili yake ilirudi. Anayesahau kama amekunywa chai alikuwa hakosei waya hata mmoja. Mwekundu wenye mstari mweupe, wa pampu. Kahawia, ethi. Kijani, breki. Nilikuwa namjaribu kwa makusudi, namwonyesha waya nimeukata pande zote mbili, naye anataja unakotoka na unakokwenda. Nilianza kujidanganya kwamba labda hana ugonjwa wowote, labda alikuwa mpweke tu.

Jumapili kaka akapiga simu. Nikamweleza vizuri, nikamwambia baba anakula, anachangamka. Akasema sawa, litengeneze, mfurahishe, lakini weka swichi ya siri. Mzee akiwasha lisiwake. Atadhani limekufa tena, na safari hii atazoea. Nilimwambia huyo ni baba, si mwizi wa gari. Kaka hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Na wale watoto wa nyuma ya geti?" Nilikata simu kwa hasira.

Swichi nikaiweka. Baba akiwa amelala mchana, niliukata ule waya mwembamba unaoiamsha rilei ya pampu, nikaupitisha kwenye kiswichi kidogo kama ukucha, nikakificha chini ya zulia, upande wa abiria, mbele ya kiti. Kikizimwa, rilei hailii, pampu haingurumi, injini itazunguka mpaka betri iishe na haitawaka. Kwa kazi zote nilizofanya kwenye lile gari, hiyo ndiyo niliyoifanya kwa uangalifu kuliko zote, na ndiyo niliyoionea haya.

Siku ya kuliwasha niliacha swichi ikiwa imewashwa. Nilimwambia baba akae pembeni, mimi nikashika usukani. Ta. Pampu ikanguruma. Injini ikashika mara ya kwanza, ikatulia, na taa za dashibodi zikawa nyeupe badala ya ule umanjano wa mgonjwa. Baba alipiga dashibodi kwa kiganja, akacheka, halafu akafuta macho akisema ni vumbi. Tulizunguka mtaa. Aliwapungia watu wote, mpaka na mbwa. Tuliporudi aliingia ndani kuoga akiimba, nami nikabaki garini, nikainama kama ninayeokota kitu, nikaizima.

Asubuhi yake nilimsikia kabla sijatoka kitandani. Nyau-nyau-nyau ya stata inayozungusha injini, kimya, nyau-nyau-nyau tena. Nikajifunika shuka hadi kichwani. Kisha akaniita, nami nikatoka, nikafungua boneti, nikagusa hiki nikagusa kile, nikachomeka testa ya umeme hapa na pale nikikunja uso. Nilisema sijui, nitaangalia nikirudi kazini. Nilivyorudi nikasema nimechoka, nitaangalia kesho. Hilo la kuchoka angalau lilikuwa kweli.

Sikuwa nimepiga hesabu kwamba baba ni dereva wa zamani. Madereva wa zamani hawasubiri fundi. Aliichomoa rilei ya pampu akaiweka mahali pa ile ya honi, honi ikalia, akajua rilei nzima. Akasikiliza pampu, akajua hailetewi umeme. Akatafakari, akatoa hukumu, na akaitoa mbele za watu: binti yake amekosea waya.

Alimwambia Mama Geti. Alimwambia kinyozi. Aliwaambia wazee anaokaa nao dukani, bila ubaya, kwa masikitiko, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa nyumbani kwake. Mteja mmoja akaja gereji akaniuliza kwa utani kama gari la baba limeshapona, au nalo linangoja fundi mwanaume. Nilimjibu jibu ambalo siwezi kulirudia hapa. Mimi nimekula kiapo na nyaya. Sijawahi kukabidhi gari likarudi kwa kosa langu, na sasa mtu aliyenifundisha, mtu pekee ambaye neno lake juu ya kazi yangu lina uzito kwangu, anatembea mtaani akisema nimeharibu, na mimi nimefumba mdomo. Nikamweleza kaka. Akacheka, akasema si ndiyo bora, mzee akulaumu wewe kuliko aue mtu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini kwa maneno humpiga sana. Sikumpokelea simu Jumapili iliyofuata.

Kibaya zaidi, baba hakunikaripia hata mara moja. Angenigombeza ningemgombeza, tukamaliza. Yeye alianza kunionea huruma. Nikiweka chakula mezani anasema, "Pole, mama. Kazi ngumu hiyo." Na usiku namsikia anapiga hatua chumbani kwake, anajisemea rangi za nyaya.

Siku yenyewe nilirudi nyumbani saa sita mchana kwa sababu nilikuwa nimesahau mashine ya kulehemu. Nilipofungua mlango wa uani nikasikia harufu. Fundi umeme anaijua harufu hiyo hata usingizini: ngozi ya waya inayoyeyuka. Boneti lilikuwa wazi. Kutoka kwenye betri, moja kwa moja, bila fyuzi, bila kitu, ulitoka waya mrefu wa kutandazia umeme nyumbani, ukapitishwa juu ya chuma cha injini yenye moto, ukaingia dirishani, ukaenda mpaka chini ya kiti cha nyuma kilichong'olewa. Gari lilikuwa linanguruma. Baba alikuwa ameipelekea pampu umeme kwa njia ya mkato, na injini ilikuwa imekubali. Amepiga magoti nyuma, juu ya pampu ya petroli, ameushika ule waya kwa mkono mtupu ili usichomoke, na ngozi ya waya ilikuwa imeanza kutoa moshi hapo ulipogusa chuma.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka nimeshika kichwa cha waya kwenye betri nikaking'oa, cheche ikaruka, injini ikafa. Nikamvuta baba nje kwa makwapa kama gunia. Kiganja chake kilikuwa na alama nyekundu ya waya, kutoka kidole hadi kifundo. Nikapiga kelele. Nilimwambia angeungua, angeunguza nyumba, angeunguza mtaa, nikamuuliza ni nani aliyenifundisha mimi kwamba waya usio na fyuzi ni kiberiti, ni nani, si yeye?

Alinitazama. Nikaona kwamba hakumbuki. Aliyajua maneno, aliyasikia kwa mbali, lakini hakujua yalikuwa yake. Akasema taratibu, "Hiyo ni kweli. Aliyekuambia hayo ni fundi mzuri."

Nikakaa chini kwenye sakafu ya uani, naye akakaa kando yangu. Nilikuwa nimechoka kazi, nimechoka uongo, nimechoka kuwa mimi ndiye niliyebaki. Sikuwa nimepanga kusema. Maneno yalitoka yenyewe.

"Baba, gari halina ubovu. Nimelizima mimi. Kuna swichi nimeificha."

Niliokota nati sakafuni, nikawa naizungusha. Nilikuwa tayari kwa matusi, na kwa kweli niliyataka.

"Nyaya zako ziko sawa?" akauliza.

"Ziko sawa."

"Zote?"

"Zote, baba."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Akaniambia kwamba siku zote hizo alikuwa hapati usingizi. Kwamba anajua anasahau, mtu asimfiche, anajijua. Lakini alipoona gari haliwaki, aliwaza kwamba huenda alianza kusahau zamani, tangu mimi binti wa shule, akanifundisha vibaya bila kujua, na mimi nikachukua makosa yake nikayapeleka kwenye magari ya watu wote. Ndiyo maana alikuwa akinionea huruma. Ndiyo maana alikuwa lazima alione kosa kwa macho yake.

Nililia pale. Sisemi machozi yalinilenga, nililia kwa sauti, mpaka Mama Geti akachungulia juu ya ukuta akaondoka kimya.

"Ni kwa ajili ya lile geti," baba akasema.

"Ni kwa ajili ya watoto walio nyuma yake."

Akatikisa kichwa, akaendelea kukitikisa. "Ungeniambia tu."

"Ungekubali?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Nisingekubali," akasema.

Nilimwosha mkono kwa maji ya bomba, nikaupaka dawa, nikaufunga kitambaa safi. Niliuondoa ule waya wake, nikaukatakata vipande ili usimtamanishe mtu tena, nikarudisha kiti cha nyuma. Nilipomaliza akasema anataka kuiona hiyo swichi. Nikafungua mlango wa abiria, nikafunua zulia. Akainama, akaichunguza kwa miwani na bila miwani, akafuata waya kwa kidole mpaka unapopotelea, akauvuta kidogo kuona kama umebanwa. Akasema imekaa mahali pake, na kwamba mwizi asingeipata. Sikujua niseme asante au nisamehe, nikasema vyote viwili.

Ndipo alipofanya kitu ambacho sikukitegemea. Badala ya kuzunguka kwenda upande wa usukani, aliingia hapohapo, upande wa abiria, akakaa, akavuta mlango kwa mkono mzima. Akanisubiri. Nilizunguka mimi. Nikazungusha ufunguo kidogo na hakikulia kitu. Sikuinama kuigusa swichi. Kiti cha upande ule hakikuwa changu.

Baba alikaa akitazama mbele, kwenye ukuta, kama alivyokuwa akiutazama siku zile gari lilipokufa. Kisha akainama polepole, akapapasa chini ya zulia kwa mkono uliofungwa kitambaa. Nikarudisha ufunguo nyuma, nikauzungusha tena. Ta. Pampu ikanguruma.

"Mwache apumue kwanza," akasema.

Nikamwacha. Tulikwenda hadi barabara kubwa tukarudi, mwendo wa kuogopa kuvunja mayai, na tulipopita kwa Mama Geti aliinua mkono wake wenye kitambaa akamsalimia. Tuliporudi uani nilizima injini. Baba hakushuka mara moja. Aliinama, akafunua zulia, akaizima swichi mwenyewe, akalilaza zulia vizuri juu yake.